Fundi Vitasa na Mlango wa Bafuni

Basi siku hiyo Fundi Vitasa walimkalisha mbele ukumbini, koti limembana makwapani, jasho linamtiririka. Mtaa ulikuwa unawashukuru watu wanaozisaidia nyumba zilizoingiliwa na dawa za kulevya. Yeye msaada wake ni mmoja tu: mtoto wa mtu akijifungia na kimya kikizidi, huitwa kufungua, na hasemi kaona nini. Milango kumi na tisa mpaka hapo. Mmoja aliufikia amechelewa, na tangu siku ile simu ikilia, huipokea kabla haijalia mara ya pili.

Pembeni yake kaketi Nesi mstaafu, mkoba mapajani.

"Tabasamu basi, Fundi. Umekaa kama umeletwa kuhukumiwa."

"Niache, dada. Mimi na makofi wapi na wapi?"

Simu ikatetemeka. Baba mmoja wa mtaa wa nyuma: "Fundi, binti yangu kajifungia bafuni. Naita, haitiki!"

Wakatoka mbio wote wawili, mwenyekiti wa mtaa kabaki na vyeti mkononi. Njiani ndipo Fundi akajipapasa. Begi la vifaa! Mkewe alimwambia mtu haendi kutuzwa na nyundo begani, naye akamsikiliza, kwa mara ya kwanza mwaka huo. Muda wa kurudi kulichukua haupo.

Kufika, akagonga polepole kama anavyogonga siku zote. "Mwanangu, ni fundi. Sijaja na polisi. Gonga hata ukuta."

Kimya. Maji tu yanachuruzika ndani.

"Piga teke!" baba mtu akafoka.

"Mlango unafungukia huku kwetu, mzee, teke haliusaidii kitu. Lete kisu cha mezani na mchi!"

Akazigonga pini za bawaba kutoka chini. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama, kisu kikateleza, kidole kikachanika. Akili yote iko kwenye ule mlango aliochelewa. Akagonga tena na tena, mpaka pini ikaruka, akaung'oa mlango.

Binti kalala sakafuni, midomo rangi ya majivu. Nesi akapiga magoti majini, akatoa mkobani dawa ya kuwazindua waliozidisha, akampulizia puani, akaanza kumpa pumzi, anahesabu. Fundi hakuthubutu kutazama. Aliukumbatia mlango tu.

Dakika nzima. Nyingine. Halafu kikohozi.

"Baba... mbona mko wengi?"

Baba mtu akaangua kilio. Gari la wagonjwa lilipofika na binti akapakiwa, Fundi akauinua mlango aurudishe.

"Acha, Fundi," baba mtu akamshika mkono. "Tutatundika pazia."

Fundi akauegemeza ukutani, akamrudishia kisu na mchi.