Ruhusa ya Stacy

Miaka tisa nimekuwa nikileta mpira mbele katika timu yetu ya kikapu, timu ya Wakenya wanaofanya kazi za nyumbani Riyadh. Mwaka huu Kocha Hezekiah, ambaye siku nyingine ni fundi wa lifti, alichukua kipande cha katoni, akachora maduara matano ya kikosi cha kwanza, na katika duara langu akaandika Stacy.

Kila Januari timu za ligi yetu hufanya drafti, kugawana wachezaji wapya. Majina ya waliofika karibuni huandikwa, na timu iliyoshika mkia msimu uliopita huchagua kwanza. Mkia tuliushika sisi, basi tukapata wawili wa maana: Maryann, mrefu mpaka anainama mlangoni, na Stacy, miaka ishirini na mbili, mwepesi, aliyechezea shule yao Kakamega.

"Maryann asimame chini ya kikapu, Stacy alete mpira," Hezekiah alisema. "Roselyne, wewe utaingia dakika za mwisho, utulize watoto."

"Nitulize watoto? Kwani hata huku mimi ni yaya?"

Wote wakacheka. Mimi sikuwa nikitania.

Mashindano ya Jeddah yalikuwa ya mwisho kwangu. Ikama yangu, kibali cha kukaa, ilikuwa inaisha mwezi uliofuata, na kafili, mwajiri wangu, alikuwa ameshaniambia halas, imetosha, nirudi nyumbani. Nilitaka kuanza mechi moja tu kabla ya kuondoka. Miaka tisa, jamani, na nastahili benchi?

Sasa, kwetu msichana mgeni haombi mwenyewe ruhusa ya kusafiri kwa madam wake. Mkubwa humwombea, na mkubwa ni mimi. Kiarabu ninacho, na kina madam wa mtaa wetu wa Al-Malqa wananijua kwa jina. Nilimpigia madam wa Maryann, nikambembeleza mpaka akakubali. Namba ya madam wa Stacy niliitazama, kisha nikarudisha simu mfukoni.

Ijumaa, baada ya mazoezi, nilimwambia Stacy, "Mafi, hakuna, mama. Madam amekataa."

"Sawa, auntie. Asante kwa kujaribu."

Asante hiyo niliipokea.

Jeddah nilianza. Robo ya kwanza niliwapa pasi tamu, hata Hezekiah akanipigia makofi. Robo ya pili magoti yakakumbuka umri wake. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Nilipoinua macho kutoka kwenye chupa ya maji, nikamwona Stacy anashuka ngazi za watazamaji na madam wake na watoto wawili. Familia ilikuwa imekuja Jeddah kumwona bibi wa watoto, na Stacy akaomba waje kututazama.

Madam alinijia moja kwa moja. "Roselyne, mbona Stacy hachezi?" aliuliza kwa Kiarabu. "Ungenipigia simu tu, ningemruhusu."

Timu nzima ilisikia; Kiarabu cha kusikia tu kila mmoja anacho. Hezekiah alinigeukia. Nikainama kufunga kamba za kiatu.

Stacy akajibu yeye, kwa Kiarabu safi kuliko changu, kwamba goti lilimuuma na ndiye aliyeniomba nisimsumbue madam. Madam akamwambia pole, akaenda kuwanunulia watoto juisi.

"We Stacy, Kiarabu umetoa wapi?" Hezekiah aliuliza.

"Kwa watoto, kocha. Mwaka mzima nawalea."

Kumbe angeweza kujiombea siku yoyote. Aliniachia mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini filimbi ililia na ilibidi nisimame. Jina la Stacy halikuwa kwenye orodha ya mechi, hivyo mpira ulibaki kwangu. Tulifungwa kwa pointi kumi na nne. Robo ya mwisho hakuna aliyenipigia makofi tena, si Hezekiah, si Maryann. Ni sauti moja tu iliyotoka kule juu kila nilipopokonywa mpira: "Bado, auntie! Twende, auntie!"

Nilitamani anitukane. Aliniita auntie mpaka filimbi ya mwisho.