Mkono Uliokata Mahameli

Mimi si mtu wa kujisifu. Unabisha? Waulize wateja wangu, watakuambia hakuna fundi mnyenyekevu kama mimi upande huu wote wa mji. Miaka ishirini na miwili nipo kwenye cherehani. Nimevisha maharusi, nimevisha watoto wa ubatizo, nimevisha hata marehemu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Wananiita Mama Mkasi. Jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa sikulikataa pia.

Kwa hiyo kwaya yetu ilipotaka majoho mapya kwa ajili ya kuwekwa wakfu kwa kanisa jipya, Mwenyekiti wa kwaya hakwenda kwingine. Mama wa watu alikuja kibandani kwangu na gora la mahameli rangi ya zabibu, akalilaza mezani kama mtoto mchanga. Majoho ishirini na manne. "Ni wewe tu, Mama Mkasi," akasema. Nikamjibu kwamba yote ni neema ya Mungu. Moyoni nikaongeza: neema, na mkono wangu.

Sasa, mahameli ina vinyweleo. Ukipitisha kiganja upande huu vinalala, ukipitisha upande wa pili vinasimama na kugoma. Ndiyo maana kila kipande lazima kikatwe vinyweleo vikitazama upande mmoja. Ukigeuza, rangi nayo inageuka. Kipande kimoja kitang'aa, na jirani yake kitakuwa cheusi kama masizi. Hili nalijua hata nikiwa usingizini. Nimemfundisha na wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeshona na mimi mwaka wa sita sasa.

Nilikata mwenyewe, maana mkasi wangu hauguswi na mtu. Nikiwa katikati ya kukata nikapata wazo. Nikipanga vipande kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, vinabanana vizuri na kitambaa kinabaki. Nilishajiona nikimrudishia Mwenyekiti mita nne mbele ya kwaya nzima, watu wakishangaa. Vinyweleo vilinitoka kichwani kabisa. Humo ndani sifa zilikuwa zimejaa, hapakuwa na nafasi.

Wifi aliposhika vipande vya kwanza alisita. "Wifi, una hakika na upande?"

"Nani alikufundisha kushona?" nikamuuliza.

Akashona.

Jumamosi ya mazoezi kwaya ikavaa, ikasimama mbele ya madirisha makubwa ya kanisa. Yesu wangu! Huyu bega moja rangi ya zabibu, la pili jeusi. Yule kifua kinang'aa, mkono kama umetoka jikoni kwenye moshi. Mpiga kinanda alicheka mpaka akapotea kwenye wimbo. Mwenyekiti hakucheka.

"Nani amekata hivi?"

Mdomo ulikuwa wazi, Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa natafuta maneno. Lakini Mwenyekiti alishamgeukia wifi, kwa sababu Mama Mkasi hakosei. Hilo kila mtu analijua, nimelitangaza mwenyewe miaka yote hii. Wifi akanitazama. Nikainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba.

"Nisameheni," wifi akasema. "Nitarekebisha."

"Rekebisha," Mwenyekiti akajibu. "Ila lile darasa la ushonaji la wasichana tulilotaka kukupa, itabidi tufikiri upya. Hatuwezi kuwapa watoto mwalimu wa namna hii."

Darasa lile! Wifi alilitamani kuliko kitu chochote. Kaka yangu alikuwa ameniambia kwamba mkewe anafanya mazoezi jikoni, anayaeleza masufuria namna ya kukunja pindo, na akikosea anayaomba radhi.

Njiani nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Ningesema nini, wifi?" akajibu bila kugeuka. "Kibanda kina jina lako."

Wiki ile nikajitosa kwenye unyenyekevu kwa nguvu zangu zote. Nilifagia kibanda kabla wifi hajafika. Nilimchotea maji, nikamwoshea kikombe. Alhamisi kwenye maombi nikakaa benchi la mwisho kabisa, nikakohoa kidogo ili wajue nipo huko. Wifi akaniambia, "Wifi, unanitisha. Unaumwa?" Nilifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Yeye alikuwa anafumua. Majoho yote ishirini na manne, uzi kwa uzi. Akapitisha kiganja kwenye kila kipande, vinavyolala akaviweka huku, vinavyosimama kule, kisha akaviunganisha upya. Yakatoka majoho kumi na mawili ya kung'aa na kumi na mawili ya giza. Ya kung'aa akawapa wanawake, ya giza wanaume. Jamani, kwaya ilipoingia Jumapili ya kuwekwa wakfu, kanisa zima lilishusha pumzi! Ungeapa kwamba ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Mimi niliyemfundisha nisingewaza jambo lile hata ningepewa mwezi mzima. Nilijaa fahari juu yake.

Baada ya matangazo, Mchungaji akaniita mbele niseme neno kuhusu majoho. Nilikwenda na nia ya kusema kweli. Nikashika kipaza sauti, nikaona zile nyuso zote, na kilichotoka ni hiki: "Ndugu zangu, kosa la mmoja kibandani ni kosa la wote. Mimi kama mkubwa, naomba radhi."

Makofi yakalipuka. "Mmeona mtu anayejishusha?" Mchungaji akasema. "Amebeba kosa la mdogo wake!" Mwenyekiti akasimama, anafuta machozi, akatangaza kwamba darasa la ushonaji nimepewa mimi. Sitakuficha, utamu wa yale makofi niliusikia hadi kwenye visigino. Halafu nikamwona wifi. Naye alikuwa anapiga makofi.

Mchana ule nikaingia chumbani. Nilipiga magoti niombe, lakini kila nikifungua kinywa najikuta namsimulia Mungu jinsi nilivyoshangiliwa. Nikaona aibu, nikanyanyuka.

Darasa lilifunguliwa Jumatatu asubuhi, kwenye chumba nyuma ya kanisa. Wasichana kumi na wawili na madaftari mapya. Mchungaji na Mwenyekiti walikuja kufungua, na wifi alikuja kunibebea vitambaa. Nikachukua kipande cha mahameli kilichobaki, nikakiinua.

"Majoho ya kwaya nilikata mimi," nikasema. "Wifi yangu aliniuliza kuhusu upande, nikamkaripia. Mwenyekiti alipouliza, nikanyamaza. Jana nikawadanganya kanisani na mkanishangilia. Aliyeyaokoa majoho ni yeye peke yake."

Nilitaka kuongeza kwamba ni kosa langu la kwanza katika miaka ishirini na miwili. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Nikayameza, na yalikwaruza.

"Mama Mkasi," Mwenyekiti akasema polepole, "ulituacha tumvunjie heshima mtoto wa watu wiki nzima?"

"Ndiyo."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu nishike mkasi, kisha akamgeukia wifi. "Tulikukosea," akamwambia. "Darasa ni lako." Nikampa wifi chaki na futi, nikatafuta pa kukaa. Palikuwa na nafasi moja tu, katikati ya wasichana wawili.

Nilidhani wifi atalia, au atakuja kunikumbatia. Wala! Alisimama mbele, chaki mkononi. Alieleza taratibu, akapita mkono kwa mkono akiwashikisha kitambaa, na kila aliyeshika alielewa. Mimi sijawahi kufundisha vizuri hivyo. Huyo ni wifi yangu jamani, huyo! Sikujizuia. Nikamwinamia msichana wa kulia nimnong'oneze ni nani aliyemfundisha huyu mwalimu wake.

"Wewe hapo kati," wifi akasema, "acha maongezi. Wenzako wanaandika."

Chumba kizima kikageuka kunitazama.

"Sina kalamu, mwalimu," nikasema, na msichana wa kulia akaniazima yake.