Chanuo la Mkaza Mwana

Jumamosi asubuhi mkaza mwana alikuwa amekaa sebuleni akichana nywele, kwa sababu kioo cha chumbani kwake kilikuwa kimehamishiwa kwa shemeji yake mkubwa. Hali ya hewa ilikuwa kavu. Kila alipopitisha chanuo la plastiki kichwani, lilitoa mlio kama wa karatasi inayochanwa polepole.

Nyuzi zikainuka kutoka kwenye zulia. Zikafuatwa na kifungo cha shati, njiti za kiberiti, na jino la bandia la baba mkwe, lililokuwa limepumzika kisahanini. Vyote vikaelea usawa wa kifua chake, vikizunguka taratibu.

"Jino nitalihitaji wakati wa chai," alisema baba mkwe, akafunua gazeti ukurasa wa michezo.

"Namalizia upande huu, baba."

Wiki hiyo nyumba nzima ilizungumzia hereni tu. Hereni moja ya dhahabu ya mama mkwe ilikuwa imetoweka, na kwa kuwa wengine wote humo ndani walikuwa ama wamezaliwa humo ama wamezaa humo, macho yalimwangukia mkaza mwana. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Kwenye simu alisema tu, "Vumilia, mama ana presha." Mama mkwe alikuwa ameshamwamuru afungashe virago, angerudishwa kwao Jumapili, akishamaliza kufua mapazia.

Jirani yao, fundi umeme, aliitwa kuangalia lile chanuo. Aliligusa kwa bisibisi yake ya kupimia.

"Huu ni umeme wa msuguano," alisema. "Nywele kavu, plastiki kavu, basi, vitu vidogo vinaitika. Mimi nashughulika na ule wa nyaya." Akanywa chai, akaaga.

Mkaza mwana alifikiri kidogo. Hereni nayo ni kitu kidogo.

"Mama, naomba nizunguke nyumba kabla sijaondoka."

"Zunguka. Tuone utaibukia wapi."

Alichana mpaka mkono ukamuuma, akapita chumba hadi chumba. Punje za mchele zilitoka chini ya jokofu, sindano zikatoka kwenye makochi, zikamfuata kama vifaranga. Nyuma ya vifaranga walifuata wakwe.

Shemeji mkubwa, karani wa kampuni ya bima ambaye mama yake alimwita "nguzo yangu", alikuwa chumbani kwake akifunga tai.

"Shemeji, humu unatafuta nini?"

Mfuko wa koti lake ukatutumka. Kifungo chake kikafunguka, hereni ikatoka, ikageuka kushoto na kulia, kisha ikaenda kusimama mbele ya pua ya mama mkwe.

"Ah," alisema shemeji. "Kumbe ilikuwa humo."

Mama mkwe aliichukua, akaivaa. Mkaza mwana alishusha chanuo na kuvuta pumzi, akiamini maneno yamekwisha.

"Umeona roho yako ilivyo mbaya?" alisema mama mkwe. "Umeiba, ukaona haitoshi, ukairusha mpaka mfukoni mwa mwanangu ili umchafulie jina."

"Mama, mimi chumba hiki sijawahi kukiingia."

"Ndiyo maana nasema umeirusha."

"Lakini mfuko ulikuwa umefungwa kifungo," alisema baba mkwe, ambaye sasa alikuwa na jino lake.

"Wewe nenda kanywe chai." Mama mkwe akamgeukia tena mkaza mwana. "Kesho huondoki. Kuna pete yangu ilipotea mwaka juzi. Utachana mpaka uirudishe."

"Mwaka juzi nilikuwa sijaolewa, mama."

"Hukuwa umeolewa, lakini duniani ulikuwepo."

Mkaza mwana alirudi sebuleni, akafungua begi, akatoa nguo zake moja moja na kuzikunja upya. Soksi zilimng'ang'ania viganjani, akawa anazibandua.

Jioni ile mama mkwe alikusanya mikufu, bangili na hereni zake zote, akazifunga ndani ya leso na kupiga fundo mara mbili. Kisha akagonga mlango wa mwanawe mkubwa.

"Nitunzie, nguzo yangu. Humu ndani siku hizi vitu vinaruka."

Shemeji aliipokea leso kwa mikono miwili, kwa heshima, akaipima uzito kidogo, akafunga mlango.