Busati la Mashati ya Taisto

Hivi wewe umewahi kuishi juu ya baridi? Sisemi baridi ya nje, hiyo kila mtu wa mji wetu huu wa Hancock, kwenye theluji ya kaskazini, anaijua. Nasema ile inayokaa chini ya nyumba, kwenye shimo la kuta za mawe ambalo wachimba shaba wa zamani walilijenga wakaliacha bila sakafu. Unakunywa kahawa yako mezani, yenyewe inakupanda miguuni.

Nyumba ya jirani zangu, Arvo na Saima, ilikuwa hivyo. Huko chini ndiko ulikokaa mtambo wa Saima wa kufumia mabusati ya matambara, mkubwa kama kitanda cha watu wawili. Ulishushwa zamani, enzi Arvo akifanya zamu za usiku mgodini. Mchana alitaka kulala, na mtambo ulipokuwa juu, kila Saima akibamiza uzi, nyumba nzima inatikisika. Mgodi ukafungwa, Arvo akazeeka, mtambo ukabaki kule kule.

Kisha barafu ya ziwa ikampasukia Taisto, mtoto wao wa pekee, akazama. Kwetu nguo za marehemu hazitupwi. Hupasuliwa vipande virefu, zikafumwa busati, na marehemu akawa bado yumo nyumbani. Saima alipasua mashati ya mwanawe kiangazi chote. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na daktari hakumficha: mikono ile haikuwa na muda mrefu. Alitaka kulimaliza busati hilo tu.

Majani yalipopukutika, akishuka kidogo tu anarudi mikono imejikunja kama makucha ya kuku. Arvo akaona. Akaenda kuleta mbao.

"Arvo, umefungua tena mgodi?" nilimtania nilipowapelekea mkate wangu wa iliki.

"Nampashia mama moto."

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Baridi si naiona?"

Akaziba nyufa, akazivika kuta pamba nene ya kuzuia baridi, akaifunika kwa nailoni toka juu hadi chini. Akatandika mbao, akasimamisha jiko la chuma la kuni. Siku alipoliwasha, Saima alivua sweta.

"Baba, leo humu mtu anaoga mvuke," alisema, akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Akafuma. Shati la bluu la kanisani, kisha lile la miraba myekundu la kuwindia. Nusu ya busati ikatimia. Halafu mafua yakamlaza kitandani, na Arvo akawa anashuka peke yake kuchochea jiko, ili mama akipona akute pako tayari.

Mawe yale yalikuwa yamekunywa maji tangu enzi za wajenzi wake. Yakipata joto yanatoa jasho, na jasho halikuwa na pa kwenda ila nyuma ya nailoni, likashuka hadi kwenye mbao na kupanda nyuzi za mtambo. Arvo aliona unyevu, akaongeza kuni akidhani atakausha. Kumbe ndivyo alivyoyazidisha maji.

Saima alipopata nguvu nilimshika mkono tukashuka. Harufu ilitupokea ngazini. Busati lilikuwa limeota ukungu mweusi, na miraba myekundu haikuonekana tena. Alivuta kipande kimoja taratibu. Kikakatika mkononi kama mkate uliolowa.

"Nitatoboa dirisha," Arvo alisema upesi. "Nitaleta na jiko la pili. Usilie, mama, patakauka hapa."

"Mashati yamekwisha, Arvo."

"Yapo yangu. Pasua yangu."

Saima aliketi kwenye benchi la mtambo, akaviangalia vidole vyake. Havikunyooka, na joto lote lile lilikuwamo.

"Mimi sikutaka jiko," alisema. "Nilitaka mtambo urudishwe juu, pale dirishani, karibu na kiti chako. Huna zamu tena, baba. Nilitaka nimfume mtoto wetu na wewe upo, unanisikia."