Kiungo cha Mwisho cha Sindano

Mdogo wangu walimwita Sindano, kwa sababu akichomelea chuma, mshono ulitoka kama wa cherehani. Na maringo yake usiseme. "Dada, chezea kompyuta yako," alikuwa ananiambia, "wenye mikono tufanye kazi." Kila fundi pale kiwandani kwetu hugonga mhuri pembeni ya kiungo alichochomelea. Wake ulikuwa sindano ndogo aliyoichonga mwenyewe.

Asubuhi moja alianguka bafuni, mzima wa afya, akaondoka hivyo hivyo. Moyo, walisema madaktari. Kiungo chake cha mwisho kilibaki kwenye boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, pale bomba la chuma cha pua linapoungana na shingo ya chuma cha kawaida. Boila ilipozimwa, mama aliomba akakione. Aliushika ule mhuri, akalia mpaka msimamizi akavua kofia. "Afadhali hiki kitabaki," mama akasema.

Sasa, mimi kazi yangu ni kukadiria nyufa. Vyuma viwili tofauti vikipata moto havitanuki sawa, kwa hiyo pale vilipounganishwa vinavutana muda wote, na maji ya boila yanakula palepale penye mvutano. Naingiza joto, mvutano na chumvi ya maji kwenye kompyuta, inanionyesha ufa utakavyokua. Nikaingiza kiungo cha Sindano. Ufa ukaanzia ndani, ukaja nje, na ungetokeza kabla boila haijazimwa tena kwa ukaguzi.

Nikarudia. Nikapunguza mvutano kidogo, kwa kadiri inayoruhusiwa, maana nilitaka kusikia habari nyingine. Ufa uleule. Nikaitukana kompyuta matusi ya nguoni. Lakini chini ya kiungo kile wanapita watu, nao wana mama zao. Nikamwambia msimamizi kikatwe, nikaenda chooni kulia.

Maabara walipokipasua, ufa ulikuwa palepale nilipousema. "Hongera," wakanipa mkono. Hongera ya nini? Nilikuwa nimemwomba Mungu nikosee, nionekane mjinga mara hii moja tu.

Wakanipa kipande chenye mhuri, nikampelekea mama. Nilimkuta anachambua mchele. Akakipapasa.

"Kwa hiyo mwanangu alichomelea vibaya?"

"Hapana, mama. Hakuna ambaye angechomelea vizuri zaidi. Ni vyuma vyenyewe."

"Ufa wenyewe uko wapi? Mbona siuoni?"

"Ulikuwa ndani. Kwa nje hauonekani."

"Wewe uliuonaje?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Akakigeuzageuza, kisha akanitazama, bila hasira hata kidogo.

"Na mdogo wako," akasema, "mlikuwa mnakula sahani moja kila siku. Yeye mbona hukumwona?"

Nikavuta sinia, nikaanza kumsaidia kuchambua mchele.