Kamba ya Kwanza

Jumatatu kadi haikuja, Jumanne haikuja. Jumatano mleta barua alipotumbukiza bahasha mbili mlangoni, Ishbel Rankine aliziendea kwa mwendo ambao goti lake lilikwisha mkataza. Moja ilikuwa ya umeme. Nyingine ilitoka kwa mtazamaji wa Dundee: "Mpendwa Bella, nimesikia habari za mumeo. Mungu akutie nguvu."

Ishbel hakuwa Bella, wala hakuwa na mume. Hakupata kuwa naye. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa Bella wa duka la mikate, katika tamthilia iliyotazamwa Uskoti nzima kila Alhamisi watu wakiisha kula. Mume wa Bella, Dougie, aliigizwa na Fergus Tulloch. Basi wawili hao waligombania unga, wakapatana, wakalea mtoto wa kuazima hadi akakua akahamia Australia. Jioni taa zilipozimwa, Fergus alivaa koti akaenda kwa Effie, mkewe. Ishbel naye akapanda ngazi zake mpaka ghorofa ya tatu, kwenye redio na yai la kuchemsha.

Sasa Fergus amekufa, kufa kwa kweli, na Ishbel alikuwa akingoja kamba.

Kwao jeneza hushushwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mtu wake. Wafiwa ndio wanaomchagua, naye huarifiwa kwa kadi ya posta, kisha kaburini hupewa kadi yenye namba ya kamba yake. Kamba ya kwanza, ya kichwani, ni ya yule aliye karibu kuliko wote. Ya nane mara nyingi humwendea rafiki. Ishbel hakutaka makubwa, alitaka hiyo ya nane. Alitaka mara moja tu ahesabiwe kwa jina lake mwenyewe kwamba alikuwa mtu wa mtu.

Jirani yake Senga alikuwa katika zamu ya kuosha ngazi, ndoo ubavuni.

"Imekuja?"

"Bado."

"Labda imepotea posta."

"Ya umeme haikupotea."

"Ya umeme haipotei, mama, hata ukihama. Si uwapigie simu?"

"Kitu kama hicho hakiombwi, Senga."

"Mdomo uliofumbwa haulishwi," Senga akasema, akakamua kitambaa chake.

Ishbel hakupiga simu. Mwigizaji hufundishwa kukaa kitini mpaka aitwe, na yeye alikuwa amekaa hivyo tangu ana miaka kumi na tisa.

Ijumaa alivaa nyeusi, akapanda kilima cha makaburi peke yake. Manyunyu yalikuwa yakishuka, yale ya Glasgow ambayo hayakunyeshei ila yanakulowesha. Msimamizi wa mazishi, Bwana Gemmell, alikuwa akipita na kadi zake, miwani imejaa maji.

Huyu Gemmell na Ishbel walijuana. Miaka mitatu nyuma waandishi wa tamthilia walimuua Dougie kwa ugonjwa wa moyo, na Gemmell aliitwa aje awafundishe waigizaji namna ya kushika kamba. Jeneza lilijazwa mifuko ya mchanga. Ishbel, mjane, alipewa namba moja. Nchi ilipoona ililia, watu wakapeleka maua kwenye duka la mikate lisilouza mkate. Fergus mwenyewe siku ile alikuwa ameketi garini anakula mkate na soseji. Ishbel aliporudi akamwambia, "Umenizika vizuri, mama. Siku yenyewe ikifika, uje unishike tena."

Neno hilo Ishbel alilibeba miaka mitatu. Lakini je, Fergus aliwahi kumwambia Effie?

Bwana Gemmell akamfikia. Akamtazama, na mkono wake ukafanya ulichokwisha kufanya zamani: ukampa kadi ya juu kabisa.

"Pole sana, mama. Kazi unaijua. Usizungushe mkononi, iache iteleze."

Ishbel akaitazama. Namba moja. Hapo ndipo alipopaswa kusema.

"Asante," akasema, akaisokomeza ndani ya glavu.

Mchungaji alisoma, akafunga kitabu. Gemmell akaita, "Namba moja."

Binti wa Fergus, Una, hakusogea. Mama yake alikuwa kitini, mikono imepinda kwa baridi yabisi, hakuweza kushika kitu, kwa hiyo kamba ya kichwani ilikuwa ya Una.

"Bwana Gemmell," akasema kwa sauti ya chini, "yangu hukunipa."

Mzee akasoma orodha yake. Shingo ikamwiva. Alikumbuka alipoiweka, lakini angeanzaje kusema mbele ya watu wote wale?

Ishbel aliisikia kadi ikimkuna kiganjani. Hatua mbili tu zilimtenga na kile kichwa cha jeneza. Hakuna ambaye angemkatalia, maana nusu ya watu pale waliwahi kulia naye, na mchungaji alikwisha jisogeza kidogo kumpisha. Akaivua glavu, akaenda kwa Una.

"Ni yako. Nilipewa kwa makosa, nikanyamaza. Nisamehe."

"Asante, Bella," Una akasema bila kufikiri, akaipokea.

Watu wanane wakashika. Ishbel alirudi kusimama na wasio na kamba. Aliona mabega yao yakishuka, akajua kwamba mtu ni mzito kuliko mchanga, na kwamba hilo amelijua kwa macho tu.

Watu walipoanza kuteremka kwenda kula pai ya nyama hotelini, Effie akaita kutoka kitini.

"We Ishbel. Njoo hapa."

Akaenda.

"Ile kadi, ulitaka kukaa nayo?"

"Ndiyo."

"Ningekusukuma ndani ukamfuate."

"Ungekuwa na haki."

Effie akacheka puani. "Miaka yote ile, Jumapili, nikisha mwaga maji ya viazi, alikuwa ananiwekea makaratasi mezani. Mimi nikawa Bella. Nasoma maneno yako, yeye anajibu mpaka yamkae. Yale matamu yote aliyokwambia, aliniambia mimi kwanza, nami nina kisu mkononi."

Ishbel alikuwa amedhani kwamba maneno, angalau maneno, yalikuwa ya wao wawili.

"Aliniambia nimshike," akasema mwishowe. "Siku yenyewe."

"Aliwaambia wengi. Alimwambia hata muuza samaki." Effie akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Lakini wewe ningekupa, mwenzangu. Ya nane ilikuwa wazi mpaka jana asubuhi. Nikasema, akija kubisha mlango nampa. Hukuja. Nikampa jirani anayetukatia nyasi."

"Nilikuwa nangoja."

"Najua. Na mimi nilikuwa nangoja."

Una akaja kumwinua mama yake. Effie alimwambia Ishbel aje ale, naye Ishbel akasema atakuja, na wote wawili walijua haji. Gari likateremka.

Kituo cha basi kilikuwa chini ya kilima. Mwanamke mmoja mwenye mfuko wa viazi alimkazia macho, kisha akamshika mkono.

"Bella, mama. Nimesikia kwenye redio. Pole kwa mume."

Kwa miaka ishirini na saba Ishbel alikuwa akijibu pole kama hizo kwa sauti ya Bella, kwa sababu ziliwafurahisha watu na hazikumgharimu kitu.

"Hakuwa mume wangu," akasema. "Nilifanya naye kazi. Jina lake Fergus. Mkewe yuko hai."

Mwanamke akauachia mkono. "Basi wewe nani?"

"Ishbel."

"Mh," mwanamke akasema. "Sura ni ile ile, lakini." Akamtazama tena, hakuridhika, akahamia upande wa pili wa kibanda na viazi vyake, wakasimama hivyo, kila mmoja akitazama barabara.