Hooyo Mara Kumi na Moja

Kalamu yangu nyekundu haina huruma, na sioni haya kulisema. Wanafunzi wa hapa Garsen wananijua: Mwalimu Zipporah hasamehi hata koma. Insha ya Fartun ilipoteuliwa kwenda kwenye mashindano ya kaunti, niliipitia neno kwa neno. Ilimhusu mama yake, muuza maziwa wa Minjila. Ilikuwa nzuri, ila kila mama alipomwita bintiye alisema, "Hooyo, njoo." Kisomali changu ni cha kuombea maji, lakini najua hooyo ni mama. Mama amwite mtoto mama? Nikakata mara kumi na moja, na kila mara nikaandika "mwanangu" juu yake.

Asubuhi nilimrudishia ainakili upya, maana bahasha ilikuwa iende Hola saa sita. Saa tano akaingia ofisini na karatasi zilezile.

"Mwalimu, mimi naomba isiende."

"Umeingiwa na nini? Shule nzima inakutegemea!"

"Mama hajaniita mwanangu hata siku moja. Kwetu mama anamwita mtoto hooyo, vile yeye mwenyewe anaitwa. Tangu afariki, hakuna mtu ananiita hivyo. Ilikuwa imebaki hapo tu."

Msiba wenyewe niliujua, hata pole nilimpa. Niliona aibu. Baba yangu, kule kijijini Wema, aliniita mama hadi siku ya mwisho, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na sikuwahi kumsahihisha.

Nikampa karatasi safi. "Andika kama ulivyoandika mwanzo. Hooyo zote."

"Majaji watakata alama."

"Wakikata, wakate."

Akaandika mbio, ulimi nje, mpaka ukurasa wa mwisho. Nilipokuwa naitia insha kwenye bahasha, akauliza, "Mwalimu, hao majaji wanasoma kwa sauti?"

"La. Wanasoma kimya."

Akainamisha kichwa. Nje dereva wa kwenda Hola alishaanza kupiga honi. Nikamfokea kupitia dirisha angoje, nikaitoa insha tena, nikaanza kusoma kwa sauti, na matamshi yangu hayo mabovu. Nilipofika pale mama anapoita, "Hooyo, njoo," Fartun alifumba macho, akaitika.